Kondoo wa Kahawia wa Isbel

Wifi yangu Isbel alikuwa na neno moja tu mdomoni mwaka ule: Erlend anarudi. Ukimuuliza habari za asubuhi, Erlend anarudi. Ukimpa pole ya mafua, Erlend anarudi. Erlend ni mwanawe wa pekee, mtoto wa marehemu kaka yangu Sander, na tangu amalize shule alikuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini, upande wa Aberdeen. Sasa alikuwa amesema kwenye simu kwamba amechoka na mitambo, amepata mchumba, na anafikiria kurudi Nornay kuishi. Yeye alisema anafikiria. Mama yake alisikia anarudi, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na wa kumrekebisha.

Sikumlaumu. Kisiwa chetu kimebaki na vikongwe. Nyumba zilizofungwa zimezidi zile zinazotoa moshi, na shule ilipokosa mtoto wa mwisho, mwalimu aliondoka na paka wake, na kusema kweli paka ndiye aliyeliliwa. Katika mahali kama hapo, kijana mmoja kusema anafikiria kurudi ni habari ya kumwaga chai mezani.

Ila kwa Isbel habari hiyo ilikuwa na mguu wa pili, nao ni kondoo wa kahawia. Kondoo wa Nornay ni wadogo, wana miguu myembamba na roho ngumu, na wanaishi ufukweni wakila mwani. Ukuta wa mawe umezunguka kisiwa kizima, wao upande wa bahari, sisi na ng'ombe upande wa majani. Wengi wao ni weupe au wa kijivu. Wa kahawia walikuwa wa nyumba yetu peke yake tangu enzi za babu yangu, na hakuna kisiwa kingine ambako utawakuta. Sisi hatutii sufu rangi. Nyeupe, kijivu na kahawia, jinsi zilivyotoka mgongoni mwa kondoo, basi, na mwanamke anapanga mistari yake humo humo. Bila kahawia, sweta ya Nornay ni kama supu ya maji ya moto.

Mimi nasokota nyuzi, Isbel anafuma. Ndivyo tulivyokuwa tangu alipoolewa na kaka yangu. Zamani kila nyumba ilikuwa na mfumaji na msokotaji wake, lakini wengine wamekufa, na wengine wamehamia kwa watoto wao mjini ambako wanafumia wajukuu soksi za nyuzi za dukani zenye rangi ya peremende. Tukabaki sisi wawili. Isbel hakutaka utajiri wala sifa. Alitaka Erlend arudi, akute wale kondoo, awachukue mikononi mwake kabla yeye hajafa. Hilo tu ndilo alilolitaka, na alilitaka kwa nguvu zake zote.

Kondoo wenyewe walikuwa wamepungua. Dume letu kubwa lilichukuliwa na mawimbi katika dhoruba ya Desemba, na majike kadhaa pamoja nalo. Majira ya kuchipua tukawaingiza waliobaki ndani ya ukuta, katika shamba la Nouster kule mwisho wa kaskazini, wazae na wanyonyeshe. Hiyo ni desturi. Majike wenye watoto hupewa majani kwa miezi michache ili maziwa yashuke, kisha mwisho wa Agosti wote wanatolewa kurudi ufukweni. Walizaliwa madume mawili mazuri ya kahawia, tukawaacha wasihasiwe ili washike nafasi ya baba yao. Kwa hiyo kila kitu chetu, majike, watoto na dume moja la zamani lililohasiwa, kilikuwa Nouster.

Na kuwatoa si jambo la kupenda au kutopenda. Kondoo aliyezoea mwani, majani humtia sumu kidogo kidogo. Wasomi wanasema ni madini ya shaba: mwani hauna, majani yanayo, na mwili wa kondoo wetu unayanyonya yote kwa uroho na kuyaweka katika ini. Sisi tulisema tu kwamba majani yanawala maini. Ubaya wake ni kwamba huoni kitu. Kondoo ananenepa, anang'aa, unamtazama unajipongeza.

Agosti ilipofika, tukakutana kwenye mazizi kupanga siku ya kuwatoa. Kazi hiyo inataka watu wengi, maana mnajipanga mstari kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, mnapunga magunia na kupiga kelele, mnawasukuma mpaka kwenye lango la ukuta. Mashamba ya karibu tungeyaweza hata na magoti yetu mabovu. Nouster ndiyo ilikuwa shida. Ni kubwa, ina kinamasi katikati, na wale wa kahawia wanakimbia kuliko sungura.

"Nouster tunaanza kesho," akasema Mzee Tammas, ambaye ndiye msimamizi wa ukuta na wa kondoo wote wa kisiwa.

"Tunaanza nani?" Isbel akamdaka. "Wewe na hiyo nyonga yako ya plastiki?"

"Nyonga hii ndiyo kijana kuliko wote hapa. Ina miaka miwili tu."

"Basi itume yenyewe ikimbize kondoo, wewe ubaki unakunywa chai."

Watu wakacheka. Mzee Tammas naye akacheka, lakini hakuacha. "Isbel, usinigeuzie mzaha. Tutakwenda polepole. Tukishindwa siku moja, tutarudi siku ya pili."

"Erlend anakuja Jumamosi ijayo na wenzake wa kazini. Vijana, wana mapafu. Wiki moja tu, Tammas. Wiki moja itawaua?"

"Wiki moja haiwaui."

"Haya basi."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwambia, "Wifi, kondoo hawana kalenda. Watoe na sisi tulio hapa."

Akasimama njiani. "Merran, wewe hujui unachokisema. Akija akakuta wameshatolewa, atakunywa chai, atanibusu, ataondoka. Lakini akiwatoa kwa miguu yake mwenyewe watakuwa wake. Wewe hukumwona alivyokuwa mdogo? Siku ya kuwatoa ikikaribia alikuwa hapati usingizi."

Nilimwona. Ndiyo maana nikanyamaza kwa wiki ile.

Wenzetu wakatoa wa kwao, weupe na wa kijivu, kwa kuchechemea na kutukanana, lakini wakawatoa. Wa kahawia wakabaki Nouster wakimsubiri Erlend. Jumamosi ikafika, Erlend akapiga simu kwamba zamu yake imeongezwa. Jumamosi iliyofuata ukungu ulifunga kiwanja cha ndege, kindege kinacholeta watu kisiwani hakikutua. Kisha ikawa harusi ya dada wa mchumba. Kila mara Isbel alirudi kutoka kwenye simu uso umemchangamka kwa kulazimisha, anasema, "Wiki ijayo kabisa." Mzee Tammas alikuja mlangoni kwake mara kadhaa. Mara ya mwisho alimwambia kondoo ni wake na dhambi ni yake, akaondoka bila kuaga, na si kawaida yake.

Septemba ikaisha. Nilipita Nouster nikawaona wamelala kwenye majani, wanene, sufu imewajaa mpaka machoni, maana huwa tunawanyoa siku ya kuwatoa na siku hiyo haikufika. Nikaenda nyumbani nikachukua simu, nikampigia Erlend mwenyewe.

"Shangazi! Mzima?"

"Mzima wapi. Kondoo wa mama yako wako ndani mpaka leo, unajua?"

Akauliza, "Ndani ya ukuta? Si walishatolewa Agosti?"

"Wanakusubiri wewe."

"Mama hakuniambia! Kila siku namuuliza habari za kondoo, ananiambia wazima, wanene."

"Hakutaka kukubana. Sasa mimi nakubana. Njoo."

"Nakuja kesho, shangazi. Wallahi nisipopata ndege nitakuja na feri."

Wala hakunidanganya. Kesho yake alikuja na kindege, amevaa koti la plastiki la bluu kama tapaulini, na nyuma yake mchumba wake Lorna, binti wa Aberdeen mwenye mashavu mekundu na viatu ambavyo havikuwa na habari na tope letu. Nilikuwa nimejiandaa kumpa maneno yake. Lakini alinikumbatia hata mbavu zikalia, na maneno yote yakanipotea.

Kesho yake, Jumamosi, tukaenda Nouster, kila mwenye miguu na wengine wasio nayo. Nitaisema siku ile ilivyokuwa, maana ni haki yake. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoziona tangu Sander afe. Jua lilitoka, upepo ulikuwa mdogo. Erlend alikimbia kama mbwa wa kuchunga, akavuka kinamasi, akatokea upande wa pili, akawageuza. Wakatuponyoka, akawageuza tena. Wakatuponyoka tena, wakakimbia mpaka mwisho wa shamba, ulimi nje, na yeye nyuma yao akipiga mbinja. Lorna alianguka topeni akainuka anacheka. Isbel, mwanamke wa miaka yake, alikuwa anakimbia na gunia juu ya kichwa na anapiga vigelegele.

"Mzibie huko, Merran! Mzibie! Umelala?"

"Nimzibie na nini, na kifua changu?"

"Kifua hicho kingeziba hata mto!"

Mchana ulipoanza kupinda wakapita langoni wote, wakateremka kwenye mawe ya ufukwe wakihema. Kuwanyoa ilikuwa haifai tena, baridi ilikuwa inakuja, tukawaachia sufu yao. Erlend akafunga lango, akaegemea ukuta, jasho linamtoka. "Mama," akasema, "raha hii niliisahau kabisa."

Isbel alikuwa analia na kujifuta kwa gunia.

Usiku, wakati wa chakula, Erlend alisema mbele yetu wote kwamba wameamua. Wangekuja kuhamia majira ya kuchipua, wangekarabati nyumba ya bibi, na yeye angejifunza kutunza ukuta kwa Mzee Tammas. Alisema, "Ndiyo, mama. Safari hii si kufikiria." Wifi yangu aliinuka kwenda kuchota supu, akasimama tu pale jikoni na upawa mkononi, hachoti. Nilimfuata nikamshika bega. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nimeshinda, Merran." Na mimi nilifurahi naye bila kubakisha.

Siku ya tatu asubuhi Mzee Tammas aligonga dirisha langu. Hakuingia. "Kuna mmoja amelala kwenye mawe," akasema. "Mwite kijana, usimwite mama yake kwanza."

Nikashuka na Erlend. Alikuwa jike kijana, mama wa moja la yale madume mawili. Alikuwa hai, kichwa chini. Erlend akapiga magoti, akamfunua jicho. Weupe wa jicho ulikuwa njano. Chini yake kwenye jiwe kulikuwa na mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa sana. Mimi nilijua hapo hapo. Nilikuwa nimeona mara moja tu, nikiwa msichana, kondoo wa jirani aliyefungiwa shambani mwaka mzima.

"Shangazi, ni nini?"

"Mpigie daktari wa mifugo."

Daktari yuko kisiwa kikubwa. Alisikiliza, akauliza wamekaa kwenye majani tangu lini, akauliza walitolewaje. Erlend alikuwa ameweka sauti ya simu juu ili nami nisikie. Daktari alisema kwa upole kwamba ini lilikuwa limeshajaa shaba siku nyingi, na kondoo anaweza kukaa hivyo bila dalili. Kinachofungua ni msukosuko. Ukimtia hofu, ukimkimbiza, ini linaiachia yote kwa mkupuo na damu inaharibika. Angekuja na ndege ya mchana na dawa, ila alitaka tuelewe kwamba wakishaanza kuwa njano ni vigumu sana.

"Kwa hiyo ni zile mbio," Erlend akasema.

"Ni majani," akasema daktari. "Mbio zimefungua tu."

Lakini kijana hakusikia neno la majani. Nilimwona. Alisikia mbio. Aliketi kwenye jiwe la mwani na koti lake la bluu, akashika kichwa. Mimi niliyempigia simu nilisimama kando yake.

Isbel aliambiwa na Mzee Tammas. Sijui alimwambiaje. Aliposhuka ufukweni walikuwa wameshaanguka watatu wengine. Alipita kati yao akiwashika masikio, akiwaita majina, maana wote walikuwa na majina, kisha akamtazama Tammas akasema, "Ulisema dhambi ni yangu."

"Nilisema kwa hasira, Isbel."

"Ulisema kweli."

Daktari alikuja, akawachoma sindano wale wenye nguvu kidogo, akakesha nao zizini. Nguvu za binadamu zilitumika zote, sitasema uongo. Walikufa hata hivyo, siku baada ya siku, wakubwa kwanza, kisha watoto. Lile dume la kwanza lilikufa likiwa limeegemea goti la Erlend. La pili tuliliona lina nafuu, likala mwani kutoka mkononi, Isbel akathubutu kutabasamu, na asubuhi tukalikuta limekauka. Wiki ilipokwisha alibaki mmoja tu wa kahawia duniani, dume lililohasiwa. Lilikuwa linatafuna mwani bila wasiwasi wowote, halina haja na jike wala jike halina haja nalo. Mzee Tammas alilitazama akataka kusema mzaha, akaishia kukohoa.

Nasema wazi kwamba nilikata tamaa siku ile. Sikuwahi kuikata kwa kifo cha kaka yangu, maana mtu akifa kunabaki watu. Hii ilikuwa tofauti. Nilikuwa natazama mawe ya ufukwe nikijua kwamba kitu kilichokuwepo kabla ya babu yangu kimekwisha mbele ya macho yangu, na sisi wenyewe tulikuwa tunapiga vigelegele.

Kabla Tammas hajaleta trekta kuchimba shimo, Isbel alishuka na makasi ya kunyolea na magunia. Akaanza kunyoa maiti za kondoo. Sikumuuliza, nikachukua makasi yangu nikaanza upande wa pili. Hii ni kazi yetu ya zamani, sufu haifukiwi. Lorna akaja, maskini ya Mungu, akatusaidia kujaza magunia. Alikuwa na moyo mwema yule binti, na siku zote zile alikuwa anazunguka na chai akitafuta mtu wa kumfariji. Aliingiza mkono kwenye sufu, akaisugua shavuni.

"Ni nzuri sana, mama. Angalau hii haikupotea. Utamfumia Erlend sweta, awe anawakumbuka."

Makasi ya Isbel yakasimama.

"Lorna," Erlend akasema. "Acha."

"Nimesema nini?"

Nilimvuta kando nikamwambia. Sufu ya kondoo aliyekufa mwenyewe haivaliwi na mtu aliye hai. Hapa Nornay hufumiwa wafu. Mtu akifa, wanawake humpima, mfumaji akafuma sweta yake kwa usiku mbili tatu, na ndiyo anayozikwa nayo. Kaka yangu Sander amelala makaburini na sweta ya namna hiyo, mistari ya kahawia kifuani, alifumiwa na mkewe mwenyewe. Lorna akaniangalia, kisha akayatazama yale magunia yalivyo mengi, na akaziba mdomo kwa mkono.

Jioni Erlend alisema neno lake. Tulikuwa mezani kwa Isbel, mkate wa shayiri katikati, hakuna aliyeukata.

"Mama, mimi naanza kubaki leo. Siendi kuaga kazini wala nini. Lorna ataleta vitu. Nitaanza upya na wa kijivu."

"Unabaki kwa nani?" Isbel akauliza.

"Kwako."

"Mimi sikukuita uje kunilinda. Nina Merran, ananilinda mpaka nachoka."

"Nimeua kondoo wako, mama. Acha nibaki."

"Hujaua kitu. Nimewaua mimi kwa kukusubiri." Alisema bila kupandisha sauti, akiyakusanya makombo ambayo hayakuwepo mezani. "Sikia, mwanangu. Jumamosi ulikuwa unacheka ukinitazama usoni. Tangu daktari aseme neno lile hujanitazama. Ukibaki, kila asubuhi utaamka umeona ufukwe ule, na utanichukia taratibu, na hutajua kwamba unanichukia. Nenda."

"Mama..."

"Nenda, Erlend. Nimekuomba urudi miaka yote hii, sikuwahi kukuomba kitu kingine. Sasa nakuomba hiki. Nenda na binti wa watu, mkaishi penye duka."

Alilia, kijana wa watu, mabega mapana yale, akalaza kichwa mezani karibu na mkate. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kando yake, na nikaona jambo ambalo nisingependa kuliona. Alipoinua kichwa alikuwa amepumua. Uso ulikuwa umelowa, ila ulikuwa umefunguka, uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Nikamtazama Isbel haraka nikitumaini hakuona. Alikuwa ameona. Akakata mkate, akampa kipande cha kwanza.

Wakaondoka na kindege cha asubuhi. Isbel hakwenda kiwanjani. Alisimama mlangoni mpaka mlio wa injini ulipokwisha, kisha akaniletea gunia la kwanza la sufu, akalitua mbele ya gurudumu langu la kusokotea.

"Sokota," akasema.

Nilisokota majira yote ya baridi. Niliisafisha ile sufu, nikaichana, nikaisokota, uzi mwembamba kuliko wote niliowahi kuutoa, kwa sababu ilikuwa sufu ya kondoo walionenepa kwa majani. Sikuwahi kushika sufu laini kama ile. Kila jioni Isbel alikuja kukaa kwangu, hafumi, anatazama gurudumu. Erlend alipiga simu kila Jumapili. Walikuwa wamepata nyumba ya kupanga, Lorna alikuwa na mimba. Isbel alimpongeza, akamuuliza habari za hali ya hewa, akamwambia huku wote wazima.

Nilidhani ile sufu tunaiweka kwa ajili ya wazee wa kisiwa. Hesabu ilikubali: Tammas nyonga yake ilikuwa inamsumbua tena, na wengine hawakuwa mbali. Hata Februari nilikuwa naamini hivyo.

Jioni moja Isbel aliingia na utepe wa kupimia shingoni. Alivua koti, akavua na sweta yake, akabaki na blauzi, na nyumba yangu haina joto kiasi hicho. Akasimama katikati ya chumba, akanigeuzia mgongo, akanyoosha mikono.

"Nipime."

"Nikupime nini?"

"Mabega kwanza."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, nikaweka mikono chini. "Wifi, hatumpimi mtu aliye hai. Anapimwa maiti. Kwani unaumwa? Daktari kakwambia nini?"

"Siumwi."

"Basi vaa nguo zako, usinitishe."

"Merran, tumia akili. Nikifa nani atanifumia? Wewe? Hujui hata kushika sindano. Nitazikwa na kikoti cha plastiki cha dukani." Alikuwa bado amenipa mgongo, mikono hewani. "Zamani kulikuwa na wa kutufumia. Sasa hakuna. Kama naifuma, ni lazima niifume nikiwa hai. Haya, mikono imechoka."

Nikachukua utepe shingoni mwake. Nikampima mabega, nikampima kifua, nikampima mkono kutoka begani mpaka kwenye kifundo. Alikuwa amekonda. Nilimwambia amekonda, akasema kaza tu, nisimwachie nafasi ya kunenepa.

Alipokuwa anavaa aliuliza uzi wa kahawia umebaki kiasi gani. Nikamwonyesha kikapu. Akauinua, akaupima kwa mkono jinsi anavyojua yeye, akaurudisha.

"Unatosha na ya pili," akasema. "Kesho nitakupima wewe."

Nikamwambia sawa, aje mapema kabla giza halijaingia.